Kabla ya Kuiweka Ikola Kwenye Ramani

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1964, inaamua mengi kwa kutumia mwaka mmoja tu: 1863. Jengo, ngome, kaburi au kazi nyingine ya mikono ya binadamu iliyokuwapo kabla ya mwaka huo inalindwa moja kwa moja. Iliyokuja baadaye inangoja waziri mwenye dhamana aitangaze. Kwa mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Mkoa wa Katavi, mpaka huo umepita mahali pabaya. Ngome ya Karema, jirani ya kijiji cha Ikola kwa upande wa kusini, ilianzishwa Agosti 1879. Imekosa kinga hiyo ya moja kwa moja kwa tofauti ya miaka 16.

Na hiyo ni Karema, mahali penye jina. Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na shirika la Mfalme Leopold wa Pili, alijenga pale kituo cha kwanza cha shirika hilo kando ya ziwa. Mwaka uliofuata Frederick Carter, aliyepewa kazi ya kuleta tembo wa Kihindi ili wabebe mizigo kutoka pwani, aliuawa Mpimbwe, ndani ya mkoa huu huu, pamoja na mwenzake Cadenhead. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Mwaka 1889 akafika Adrian Atiman, mtoto wa nchi ya Mto Niger aliyechukuliwa utumwani angali mdogo, akakombolewa na wamisionari, kisha akasomea udaktari Malta. Aliwatibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 ya kazi mahali pamoja, ya mganga Mwafrika aliyefika kabla hata utawala wa Wajerumani haujakaa sawasawa: hapana shaka kwamba alama za maisha ya namna hiyo zinastahili kulindwa na taifa zima.

Ikola haina umaarufu huo. Wasafiri wa ziwani wanaijua kama kituo cha meli. MV Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuzamishwa kwa makusudi mwaka 1916, imeshusha abiria na magunia hapo kwa vizazi. Lakini Wabende na Watongwe wamekaa katika ukanda huu muda mrefu kabla ya meli yoyote ya chuma. Watu wanapokaa huacha mahame, makaburi, vigae vya vyungu na mavi ya chuma, na vitu hivyo havina kibao wala uzio. Anayevitambua ni mzee aliyeonyeshwa na babu yake, au mkulima ambaye jembe lake limegonga kitu.

Ziwa lenyewe limechangia kuvificha. Katika miaka ya 1870 maji yalikuwa juu sana, kisha kizuizi kwenye mdomo wa Mto Lukuga, upande wa Kongo, kikabomoka, na katika miongo miwili hivi ziwa likashuka kwa karibu mita 10. Ngome ya Karema, iliyojengwa ili ikae karibu na maji, ikajikuta mbali nayo. Kwa hiyo ufuo ambao watu wa enzi za Cambier walivutia mitumbwi yao haupo pale ambapo wavuvi wa leo wanaanika dagaa. Tangu mwaka 2020 maji yamepanda tena kwa nguvu, na watu wa Bujumbura, Uvira, Kalemie na Kigoma wamepoteza nyumba. Kilichosalimika nchi kavu kwa zaidi ya karne moja kinaweza kurudi chini ya mawimbi kabla hakijapigwa picha hata moja.

Ongeza hapo shughuli za binadamu. Bandari mpya imejengwa Karema kwa ajili ya biashara na Kalemie, upande wa Kongo. Mipango ya reli ya kisasa inataja tawi la kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi Karema. Barabara zinafunguliwa, mifugo inaingia, na wachimbaji wadogo wa dhahabu waliozunguka Mpanda wanatembea na ditekta zinazolia kwa kila aina ya metali, likiwemo jembe la chuma la miaka 200. Hakuna anayepaswa kulaumiwa kwa kutaka bandari au riziki. Tatizo ni kwamba mambo yote hayo yanafika kwa pamoja mahali ambapo kumbukumbu nyingi zimo vichwani mwa wazee.

Hapo ndipo ramani za kidijitali zinapoonekana kuwa jibu, na kwa sehemu kubwa ni jibu kweli. Picha za setilaiti zinaonyesha kuta zilizozikwa na njia za zamani ambazo mtu akiwa chini hazioni. Droni ndogo inaweza kupima eneo la kijiji kwa siku chache. Zanzibar ilithibitisha hilo ilipopiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani kuanzia mwaka 2016. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa miale ya leza, ukuta kwa ukuta, hata ukianguka kesho vipimo vyake vipo. Mradi unaoongozwa kutoka Cambridge tangu mwaka 2020 unakusanya kumbukumbu za maeneo ya kale yaliyo hatarini katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo.

Faida kubwa ya kazi hizi haiko kwenye uzuri wa picha. Iko mezani kwa mtaalamu anayeandaa tathmini ya athari kwa mazingira, ile ambayo mradi mkubwa unatakiwa kuwa nayo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mtaalamu huyo huanza kwa kusoma yaliyokwisha kuandikwa. Akitafuta njia ya misafara ya pembe na watumwa katika orodha ya awali ambayo Tanzania iliipeleka UNESCO mwaka 2006, atakuta Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Karema haimo, wala sehemu nyingine yoyote ya Katavi. Mahali pasipo kwenye maandishi ni rahisi kuandikwa kuwa pori, na pori halidai fidia wala halisimamishi katapila.

Kwa sababu hiyo, wanaosema ni heri mambo ya kale yabaki siri wanakosea. Siri haijawahi kusimamisha mradi. Hata hivyo, kuna kosa la pili, na hili linafanywa na watu wenye nia njema: kuweka kila kitu hadharani, na viwianishi vyake vya GPS hadi tarakimu ya mwisho, kwa imani kwamba kinachojulikana ndicho kinacholindwa.

Yeyote aliyeishi Tanzania amesikia habari za mali za Mjerumani. Inasemekana Wajerumani walipokuwa wakikimbia vita vya kwanza vya dunia walizika dhahabu na fedha, wakaweka alama kwenye miti na miamba. Uvumi huo umechimbua nchi. Katika michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, watafuta hazina wamechimba mashimo ndani ya mapango yenyewe, wakivuruga tabaka za udongo ambazo mwanaakiolojia angezisoma kama kurasa. Profesa Bertram Mapunda, mmoja wa wanaakiolojia waliofundisha kizazi kizima Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 2001 makala nzima kuhusu uharibifu wa malikale nchini na gharama ya kutojua. Sasa mtu afikirie uvumi huo ukikutana na ramani iliyo wazi kwenye simu, yenye nukta nyekundu iliyoandikwa "ngome ya zamani" au "kaburi la mtemi". Mwenye ditekta hahitaji tena kumbembeleza mzee wa kijiji amwonyeshe njia.

Setilaiti haiwezi kumzuia. Mji wa kale wa Apamea nchini Syria ulipigwa picha kutoka angani mwaka 2011 na tena mwaka 2012. Picha ya pili ilikuwa imetobolewa mashimo ya waporaji kila upande. Ulimwengu mzima uliona, na ulichoweza kufanya ni kuhesabu mashimo.

Mfano unaofundisha zaidi uko karibu zaidi. Mwaka 1985 Monica Udvardy, mwanaanthropolojia wa Marekani, alimpiga picha mzee mmoja katika pwani ya Kenya akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, kwa Wamijikenda wa pwani hiyo si mapambo: ni makao ya roho ya marehemu, na kuving'oa ni kuiudhi familia nzima, walio hai na waliokufa. Kabla mtafiti hajamrudishia mzee picha zake, vigango vyote viwili vilikuwa vimeibwa. Miaka ikapita, mzee akafariki. Baadaye Udvardy na mwenzake Linda Giles wakavitambua katika makusanyo ya makumbusho ya Marekani, kimoja Illinois na kingine Virginia. Ile picha ya 1985 ndiyo iliyokata maneno. Mwaka 2007 familia ikavipokea.

Kisa hicho kina mambo mawili ndani yake, na sera nzuri ya ramani inapaswa kuyatenganisha. Kilichorudisha vigango ni maelezo ya kitu chenyewe: sura yake, mchongo wake, jina la mwenyewe. Kilichovifanya viibike kwa urahisi ni kwamba vilisimama pasipo na mlinzi na mahali palipojulikana. Maelezo ya kitu ni ushahidi. Yanatakiwa yawe mengi, sahihi, na nakala zake zisambae ili zisipotee. Mahali penyewe hasa ni ufunguo, na ufunguo hautundikwi barabarani. Kanzidata yoyote ya malikale ya Katavi ingeweza kujengwa juu ya tofauti hiyo: picha, vipimo na simulizi kwa wanafunzi na watafiti; eneo pana la kata au kijiji kwa umma; viwianishi kamili kwa wachache wenye majina; na kumbukumbu ya nani kavifungua na lini.

Hili si jambo la kubuni. Sarah Parcak, mwanaakiolojia wa Marekani, alipozindua mwaka 2017 mpango uliowaalika watu wa kawaida duniani kote kusaka maeneo ya kale ya Peru kwenye picha za setilaiti, picha zilikatwa vipande vidogo na hakuna mshiriki aliyeonyeshwa kipande chake kiko wapi. Maelfu ya watu walisaidia kutafuta bila kupewa anwani. Na ikiwa miradi mikubwa inajihadhari hivyo, mtafiti anayepita Ikola na simu janja anapaswa kujihadhari vilevile, maana simu nyingi huandika viwianishi ndani ya picha yenyewe pasipo mpigaji kujua. Picha moja ya kaburi ikirushwa kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na taarifa hizo ni ramani tayari.

Linabaki swali gumu: wachache hao ni akina nani? Desturi iliyozoeleka ni kwamba anayeamua ni mwenye kompyuta. Mtafiti huja na kibali, hupima, hurudi chuoni, na kijiji kinabaki na picha ya pamoja ya siku ya kuagana. Baada ya miaka miwili nukta za kijiji ziko kwenye seva ya nchi nyingine, na mwenyekiti wa kijiji hana hata karatasi ya kuonyesha. Huo ni uchukuaji, hata kama hakuna kigae kilichosafirishwa. Taarifa za mahali walipozikwa wazazi wa watu ni mali yao kabla hazijawa data ya mtu yeyote.

Na visingizio kwamba wanakijiji hawawezi mambo ya ramani vimekwisha, hasa katika Wilaya ya Tanganyika, ambamo Ikola imo. Taasisi ya Jane Goodall ilianza zamani kuwatandikia wanavijiji wa ukanda wa ziwa, kuanzia Kigoma, picha kubwa za setilaiti za maeneo yao. Wakatambua vijito, mashamba na njia zao, na kutokana na hizo wakapanga matumizi ya ardhi. Walinzi wa misitu wa vijiji wamezoea kurekodi kwa simu walichokiona wakiwa doria, iwe mti uliokatwa au kiota cha sokwe. Katika milima ya Ntakata, vijiji vinane vya wilaya hiyo vinauza hewa ukaa kwa sababu mipaka ya misitu yao imepimwa, inajulikana na inalindwa. Kijiji kinachoweza kuthibitisha kwa wanunuzi wa ng'ambo kwamba msitu wake bado umesimama kinaweza pia kutunza orodha ya mahame yake.

Chombo cha kisheria nacho kipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na mpango wa matumizi ya ardhi hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mpango huo hutenga makazi, kilimo, malisho, hifadhi ya msitu. Kinachokosekana mara nyingi ni kutenga maeneo ya kale na ya ibada kwa jina lake, kama ukanda, bila kutaja kaburi lipo chini ya mti gani. Ukanda wa ekari kadhaa ulioandikwa "eneo la hifadhi ya kijiji, hakuna kuchimba" unatosha kumsimamisha mpimaji wa barabara. Akitaka kujua zaidi, anakwenda ofisi ya kijiji, anaulizwa yeye ni nani, na wazee wanaamua wamwonyeshe nini. Njia hiyo inajibu hoja ya wale wanaohofia kwamba usiri utawasaidia wenye miradi kusema hawakuona kitu: ukanda umeonekana, uko kwenye mpango uliopitishwa, na kuupita ni kuvunja sheria.

Yapo pia mambo ambayo wazee watachagua yasiandikwe kabisa, na hilo liheshimiwe. Katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, uko mkwaju karibu na Ziwa Katavi ambao inaaminika roho ya Katabi, mwindaji wa kale, inakaa humo. Watu wanapeleka sadaka mpaka leo. Mkwaju huo sasa umo katika maelezo ya karibu kila mwongozo wa watalii, na haukuharibika kwa sababu umo ndani ya hifadhi yenye askari. Mti wa ibada ulio nje ya hifadhi, kando ya shamba la mahindi, hauna askari. Ukimya wa ukoo ndio ulinzi wake wa pekee, na mtafiti anayeuvunja ili apate ukurasa mzuri wa makala amefanya kosa ambalo hakuna kibali cha utafiti kinachoweza kulihalalisha.

Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani na Idara ya Mambo ya Kale walionyesha njia nyingine ya kuwaheshimu wazee kule Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Nyayo za kale zilizogunduliwa na kikosi cha mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1978 zilifukiwa upya katikati ya miaka ya 1990 ili zihifadhiwe, na wazee wa Kimaasai wa eneo hilo walihusishwa. Ibada ya kubariki mahali pale ikafanywa na loiboni, kiongozi wao wa ibada. Wataalamu hawakupoteza chochote cha sayansi kwa kufanya hivyo, na walipata majirani wanaojua kilichozikwa pale na kwa nini kisiguswe.

Upande wa kusini wa Ikola, mwambao wa Nkasi na nyanda za Ufipa, Mapunda na wengine wamechunguza matanuri ya kuyeyushia chuma: malungu marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivuo, na ile aina nyingine iitwayo katukutu. Mbele zaidi, mpakani na Zambia, udongo uliolowa maji wa Kalambo ulihifadhi magogo yaliyounganishwa na binadamu wa kale, ambayo watafiti walitangaza mwaka 2023 kuwa yana umri wa miaka 476,000 hivi. Ikola iko kati ya ziwa lililozaa historia hiyo na milima ya Watongwe. Si busara kudhani kwamba ardhi yake haina cha kusema.

Kwa Karema, dawa ni tofauti na ya makaburi ya ukoo. Ngome, kanisa na kaburi la Atiman vinajulikana na kila mtu. Kuvificha hakuna maana. Huko ramani iwe wazi kabisa, picha zipigwe kila pembe, vipimo vichapishwe, watoto wa shule wavione. Panapohitajika nguvu ni kwenye sheria. Waziri anayo mamlaka ya kutangaza eneo la baada ya 1863 kuwa kumbukumbu ya taifa, na Bunge linayo mamlaka ya kuusogeza mwaka wenyewe. Mwaka 1863 ulikuwa karibu karne moja tu nyuma sheria ilipotungwa. Leo majengo ya misheni, maboma ya Wajerumani, vituo vya reli na makambi ya vita vya 1914 yamevuka karne, na bado yanasubiri tangazo moja moja.

Kwa Ikola, kazi ya kwanza haihitaji droni. Inahitaji mkutano wa kijiji ambao wazee wa koo, wanawake wanaolima karibu na mahame, wavuvi na vijana wenye simu watakubaliana ni maeneo gani yaingie kwenye daftari la kijiji, yapi yaingie kama ukanda kwenye mpango wa ardhi, na yapi yasitajwe. Halmashauri ya wilaya igharamie upimaji, mtaalamu wa Mambo ya Kale awepo kueleza sheria, na chuo kitakacholeta vifaa kisaini kwamba nakala kamili inabaki ofisini Ikola, na nakala ya pili Idara ya Mambo ya Kale ikiwa imefungwa. Viwianishi visitoke hapo bila barua ya kijiji. Yote hayo yafanyike sasa, wakati njia ya reli ya kwenda Karema ingali mstari kwenye karatasi na inaweza kusogezwa mita mia mbili kwa kalamu.